Sarafu ya fedha ya zamani: utajuaje kama ishasuguliwa

Jamani kabla hujatoa pesa yako kununua reale au rupia ya fedha, na kabla hujaikamata ile ya bibi iliyokaa miaka kwenye kasha ukaitia ndimu, soma hii kwanza, kwa sababu hapa kwetu Unguja na Pemba sarafu nyingi nzuri zinaharibiwa na watu wenye nia njema kabisa. Mtu kaikuta nyeusi, kaona haya kuiuza nyeusi, kachukua ndimu na majivu au dawa ya meno kasugua mpaka ikawa nyeupe, halafu anashangaa mnunuzi anayejua anaitizama mara moja tu anairudisha mezani. Wakusanyaji wa sarafu popote walipo wanataka uso wa asili, yaani ule uliotoka kiwandani ukazeeka wenyewe, na ikishasuguliwa ule uso haurudi tena, hakuna dawa ya kuurudisha. Hata zile kampuni kubwa za Marekani zinazopima sarafu na kuzifunga kwenye boksi la plastiki, PCGS na NGC, zikikuta sarafu imesafishwa vibaya haziipi daraja la namba kwenye ile skeli ya 1 mpaka 70, zinaandika kwenye lebo kuwa imesafishwa na ndo basi, bei inaanguka hapo hapo.

Sasa watu wengi wanadhani kazi ni rahisi, kwamba inayong'ara ndo iliyosafishwa na nyeusi ndo ya asili. Sivyo. Kuna inayong'ara ambayo haijaguswa na mtu, na kuna nyeusi ambayo ilisuguliwa ikaja kutiwa weusi wa kudanganya. Swali la kujiuliza ni mng'ao uko wapi na uchafu uko wapi. Ukishajua kulijibu hilo umeshaijua sehemu kubwa ya kazi.

Nazungumzia hasa zile tunazozikuta huku. Kuna reale ya Maria Theresa, ile kubwa yenye mwanamke mnene kajitanda shela upande mmoja na tai wa vichwa viwili upande wa pili, mwaka 1780. Ina gramu 28 na kidogo (28.07), upana wake milimita 40 hivi, na fedha ndani yake ni 833 kwa kila 1,000, iliyobaki shaba. Kuna rupia za Bara Hindi za Malkia Victoria, Edward VII na George V, gramu 11.66, fedha 917 kwa 1,000, na rupia za Wajarumani zilizopigwa kwa ajili ya bara kuanzia 1890, zile zenye Kaizari Wilhelm II kavaa kofia ya chuma yenye tai juu, uzito ule ule na fedha ile ile. Halafu shilingi ya simba ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921, ambayo sisi Zanzibar tuliingia 1936 tulipoachana na rupia, ile ya fedha ina robo tu ya fedha, baada ya vita kuanzia 1948 hata hiyo robo haimo tena. Riyali ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, siitii kwenye hesabu kwa sababu ni adimu, ukiletewa mwanzo hakikisha ni ya kweli, kusafishwa utauliza baadae.

Tuanze na mwanga maana bila mwanga mzuri utadanganywa mchana kweupe. Tyubu laiti la dukani halifai kabisa, linamwaga mwanga kila upande na linaficha kila kitu, ndo maana sarafu uliyoinunua dukani usiku ukifika nyumbani unaiona nyengine. Unataka taa moja tu, balbu ya kawaida au tochi ya simu, itoke upande mmoja na iwe juu kidogo ya sarafu, na chumba kingine kiwe na giza giza. Tandika kanga kuukuu juu ya meza ili ikikuponyoka isipate jeraha. Shika sarafu ubavuni kwa kidole gumba na kidole cha shahada, usiiguse uso kwa kidole, jasho letu la joto hili lina chumvi na linaacha alama ambayo baada ya miezi inakuwa doa. Lenzi inayokuza mara 5 mpaka 10 inatosha, sonara yeyote anayo na wengi ukiwaomba kwa adabu watakuazima hapo hapo dukani. Kubwa zaidi ya hapo utaona mikwaruzo kwenye kila sarafu duniani utaishia kuchanganyikiwa.

Bas, inamishe sarafu chini ya taa pole pole huku unaizungusha. Chuma kinapogongwa kiwandani kinatiririka kutoka katikati kwenda ukingoni, na kinaacha mistari midogo mno ambayo jicho haliioni lakini mwanga unaiona. Ndo maana sarafu isiyoguswa ukiinamisha utaona miale miwili au zaidi inazunguka juu ya uso wake, inafuata mkono wako. Ukishauona mwanga ule mara moja hutousahau. Sarafu iliyotumika kiasi sokoni mng'ao huu hauwi kila pahala, lakini unabaki umejificha, tizama baina ya herufi, tizama karibu na ukingo, tizama nyuma ya shingo ya mfalme, pahala ambapo vidole na mifuko haikufika. Iliyosuguliwa ile mistari ishafutwa, kwa hivyo mwanga hauzunguki, unang'aa pote kwa pamoja au unakufa pote kwa pamoja. Iliyotiwa asidi, ndimu au zile dawa za kuchovya fedha, huwa nyeupe lakini imepoa, nyeupe isiyo na uhai. Siwezi kuielezea vizuri kuliko hivyo, ila ukiieka pembeni ya moja ambayo haijaguswa utaiona papo hapo, na ndo maana nashauri kila anayeanza atafute hata rupia moja ya kawaida ya bei rahisi ambayo ana hakika haijaguswa awe nayo ya kulinganishia.

Kinachokamatisha sarafu nyingi zaidi ni mikwaruzo. Tizama ile sehemu tupu baina ya sura na maandishi, mimi naiita uwanja. Sarafu iliyosuguliwa kwa kitambaa, dawa ya meno, majivu au mchanga, uwanja wake unakuwa na mistari membamba mno mingi sana inayokwenda upande mmoja, au inayozunguka duara kwa sababu mkono wa mtu anayesugua unazunguka, ni ile ile unayoiona kwenye kitako cha sufuria iliyosuguliwa kwa stilwaya ila hii ni midogo zaidi. Kuna jambo moja hapa watu hulikosa: mistari hii inaonekana kwa pembe moja tu. Sarafu ikiwa imelala utaona iko safi kabisa, ukiinamisha kidogo tu, mara inawaka yote kwa pamoja, ukiinamisha tena inapotea. Kwa hivyo usiridhike na pembe moja, izungushe duara zima, kisha geuza upande wa pili ufanye vile vile, maana wengine wanasugua upande wa kichwa peke yake kwa sababu ndo wanaopigia picha.

Lakini si kila mstari ni wa kusuguliwa, na hapa ndo watu wanadhulumu sarafu nzima zisizo na kosa. Sarafu iliyotembea sokoni, ikamwagwa juu ya meza, ikahesabiwa na wafanyabiashara wa karafuu, ikatiwa kwenye mfuko na wenzake, lazima ina mikwaruzo, ila hiyo imekaa ovyo ovyo, huu mrefu huu mfupi, huu wa kina huu wa juu juu, kila mmoja na njia yake, na ndani ya ule mkwaruzo umeingia weusi sawa na sehemu nyengine. Mikwaruzo ya kusugua imefanana yote, kina kimoja, upande mmoja. Halafu kuna mistari ya kiwandani, maana mafundi huwa wanaipiga msasa ile muhuri ya kugongea, na ule msasa unaacha mistari kwenye muhuri ambayo inahamia kwenye sarafu. Kuitofautisha si kazi. Ya kiwandani imeinuka juu, kwa sababu kwenye muhuri ilikuwa imechimbika, na inapofika kwenye herufi au kwenye sura inasita, inaendelea upande wa pili. Ya kusugua imechimbika ndani na haijali, inapita juu ya uwanja inapanda juu ya herufi inapanda juu ya shavu la Malkia inateremka upande wa pili, kwa sababu kitambaa hakijui hii ni herufi au nini. Ukiona mstari umepanda juu ya herufi, huo si wa kiwandani.

Sasa uchafu. Sarafu ya fedha iliyozeeka yenyewe inakuwa na weusi au ukijivu uliokaa kwa mpango unaoeleweka: pahala palipoinuka pamesuguka kwa kutumika, huwa ni kijivu kilichotulia, na pahala palipojificha panakuwa na giza zaidi, na baina ya hapo rangi inapanda kidogo kidogo bila mpaka. Weusi wenyewe ni fedha iliyoshikana na salfa ya hewani, hauna ubaya wowote, unaweza hata kusema unailinda ile fedha ya chini. Iliyosafishwa mpango huu unavurugika. Utakuta uwanja mzima ni mweupe au wa rangi moja tu, lakini kwenye vibonde vya herufi mmebaki weusi mzito umekatika ghafla kwa mpaka mkali, yaani kitambaa kilifika mpaka hapa hakikuweza kuingia ndani zaidi. Kwenye reale ya Maria Theresa tizama ile bruchi ya lulu begani kwake, tizama baina ya manyoya ya mbawa za tai, kwenye rupia ya Victoria tizama maua ya nguo yake, hapo kitambaa hakiingii. Usisahau ubavu, reale ina maandishi yaliyoinuka ubavuni, IUSTITIA ET CLEMENTIA, na msuguaji karibu kila mara anausahau, kwa hivyo ukikuta nyuso mbili nyeupe pe halafu ubavu una weusi wa miaka, hapo hapana cha kujadili.

Nilishika rupia moja ya 1890 na kitu, ya Victoria, kwa mbali ilikuwa imependeza kweli kweli, rangi ya kijivu imetulia. Chini ya lenzi, kwenye neno EMPRESS, ndani ya matumbo ya ile P na ile R, mlikuwa na unga mweupe umeganda. Hiyo ni dawa ya meno. Ilisuguliwa zamani, ikakaa, ikaanza kuzeeka upya juu ya mikwaruzo, ule ukijivu ukaja kuificha kazi yote, lakini dawa ya meno ilibaki pale ndani ikishuhudia. Kwa hivyo matumbo ya herufi ni pahala pa kwanza pa kuangalia, na pia pale herufi inapokutana na uwanja. Unga mweupe ni dawa ya meno au dawa ya kung'arishia vyombo. Uchafu mwekundu wenye mafuta mafuta ni ile dawa nyekundu ya sonara, manake imepita kwenye mashine ya kung'arishia. Na inuse, wallahi inuse, dawa za kung'arishia zina harufu inayokaa muda mrefu.

Hii aina ya iliyosuguliwa zamani ikazeeka tena ndo nyingi zaidi kwenye nyumba zetu, kwa sababu majumbani vyombo vya shaba na fedha vilikuwa vinasuguliwa sikukuu ikikaribia, na sarafu iliyokuwa kwenye mkufu au kwenye kasha la bi harusi inasuguliwa pamoja na vyombo vyengine. Si kosa la mtu, kwake ilikuwa pambo, si sarafu ya kukusanya. Ila wewe unayenunua ujue unachonunua.

Nikitaja mkufu, reale na rupia nyingi huku zilitiwa kikuku juu, yaani kijipete cha kupitishia mkufu, ili zivaliwe, na baadae kikuku kikatolewa zikauzwa kama sarafu za kawaida. Tizama ukingo wa juu, juu ya kichwa, na chini yake kabisa. Ukiona pahala pamejaa kidogo, pana rangi tofauti na fedha ya jirani, au herufi za ubavuni zimezama au zimepigwa tupa, basi palikuwa na lehemu. Sarafu ya namna hii karibu hakika imesuguliwa, kwa sababu sonara akishatoa kikuku lazima apitishe mashine kuficha alama za moto. Na mashine ile ya gurudumu la kitambaa ni mbaya kuliko mkono, inayeyusha makali yote, herufi zinakuwa na mabega ya mviringo badala ya kona, na uwanja unakuwa kioo. Kuna na mashine ya brashi ya waya inayozunguka, hiyo inaiga mng'ao wa kiwandani vizuri sana kwa jicho la kawaida, lakini kwa lenzi utaona fedha imesukumwa ikarundikana ukingoni mwa herufi, kila herufi ina kijiukuta upande mmoja.

Sasa mtego mkubwa wa huku, na ndo sababu hasa ya kuandika yote haya. Reale ya Maria Theresa yote imeandikwa 1780, mwaka aliofariki, lakini iliendelea kupigwa na mwaka ule ule miaka mia mbili na zaidi, Vienna, na baadae Roma, London, Paris, Brussels, Bombay, Birmingham, kwa sababu wafanyabiashara wa pande hizi na za Uarabuni na Uhabeshi waliizoea ile na hawakutaka nyengine. Na Vienna mpaka leo wanaipiga. Kwa hivyo ukikutana na reale ya 1780 inang'ara vile, usikimbilie kusema imesuguliwa, na wala usikimbilie kusema ina miaka mia mbili na arubaini. Tizama pahala palipoinuka: nywele juu ya sikio, shela begani, kifua, na vichwa vya tai. Kama inang'ara na pale juu pote pana makali, kila unywele unaonekana, bruchi ina lulu zake zimetimia, mwanga unazunguka, basi hiyo ni mpya, imepigwa karne iliyopita au hii, haijasuguliwa ila pia si ya zamani, na bei yake ni ndogo. Kama inang'ara lakini nywele zimelala, kifua kimekuwa bapa, tai hana macho, basi hiyo imetembea sana kisha ikasuguliwa, kwa sababu haiwezekani sarafu ipite mikono mingi namna ile ibaki nyeupe. Sheria hii inafanya kazi kwa sarafu yoyote: kuchakaa na kung'ara havikai pamoja. Rupia iliyochakaa mpaka tarehe haisomeki halafu uwanja wake unameta, hapana.

Shilingi ya simba inataka jicho tofauti kidogo. Fedha yake ndogo, kwa hivyo ikizeeka inakuwa na ukijivu wenye umanjano, si ule weusi mzuri wa rupia. Mtu akikuletea ya 1922 nyeupe safi imechakaa mgongo wa simba, ishapita kwenye ndimu hiyo. Ndimu yenyewe fedha haiifanyi kitu, inaila shaba iliyochanganywa ndani, ndo inaacha uso mweupe usiong'ara, wa chokaa chokaa. Ile njia inayosambaa sana ya foili ya jikoni na beking soda kwenye maji moto nayo inafanana na hivyo, haikwaruzi, ni kweli, weusi unageuka ukarudi kuwa fedha na harufu ya mayai viza inatoka, lakini uso unabaki umepoa na kila mwenye jicho anajua.

Rangi za kuigiza nitazipitia haraka. Fedha ikizeeka pole pole inaanza na umanjano hafifu, inakwenda dhahabu, kisha zambarau, kisha buluu, mwisho weusi, na mara nyingi inaanzia ukingoni kuingia katikati. Anayeigiza kwa moto au kwa salfa anapata buluu na waridi kali zote kwa mpigo, zimekaa kwa mabaka, hazina hatua baina yake, na chini ya hiyo rangi ukiinamisha unaiona mikwaruzo imelala. Mstari mmoja mweusi ulionyooka katikati ya sarafu usikutishe, huo ni wa mpira wa kufungia, mpira una salfa.

Zilizotoka baharini au pwani nazo utaziona, hizi uso wake una vishimo vidogo vidogo pote mpaka ndani ya herufi, ukijivu wa kufifia. Lazima zimesafishwa maana zinatoka na ganda la chumvi, nunua kama unaipenda historia yake lakini usilipe bei ya sarafu nzima.

Na ya ardhini, hasa ndugu zangu wa Pemba. Mtambwe Mkuu mwaka 1984 walifukua hazina ya vijisarafu vya fedha zaidi ya 2,000, vidogo vidogo, vyenye majina ya watawala wa pwani hii, na historia nzima ya biashara yetu ya zamani ilibidi isomwe upya kwa sababu yake. Ikitokea unalima au unachimba msingi ukaona kitu namna hiyo, usikisugue, usikitie ndimu, usikioshe hata kwa maji, kiache kilivyo na pahala pake ukawaite watu wa Mambo ya Kale. Udongo ulioshikana nacho ni ushahidi, na kile kilichoandikwa juu yake kimekaa kwenye uso mwembamba mno, kidole chako chenye majivu kinaweza kukifuta dakika moja.

Siku hizi biashara nyingi iko wasap, kwa hivyo picha. Picha moja iliyopigwa kwa flashi haina maana yoyote. Muombe muuzaji video fupi, sarafu ishikwe ubavuni, taa moja, aiinamishe na kuizungusha, pande zote mbili na ubavu. Muuzaji mkweli atakupigia hiyo video. Na ukiwa dukani na mzee wa watu, usimvamie na lenzi unamwambia umeharibu, mwambie tu, "Ami, hii ishawahi kusuguliwa au ndo ilivyo?" Wengi wanakuambia kweli bila kificho, tena kwa fahari, "eeh nimeisafisha mwenyewe jana, imekuwa nzuri sio?"

Kama unayo nyumbani ni nyeusi na unataka kuiuza, iache nyeusi. Kama ina mafuta au uchafu wa juu juu unaruhusiwa maji safi yasiyo na madini, yale ya kutia kwenye betri, lakini hakikisha ni maji yenyewe kwa sababu madukani asidi ya betri nayo watu wanaiita maji ya betri na hiyo itaimaliza, na itakuunguza na wewe. Ichovye, itoe, ieke juu ya kitambaa laini ikauke yenyewe, usiifute. Ule utelezi wa kijani unaotokana na albamu za plastiki laini unatoka kwa asitoni safi, si ile dawa ya kucha yenye rangi na manukato, na fanya hivyo karibu na dirisha lililo wazi mbali na moto. Hivi viwili haviidhuru fedha yenyewe. Kila kitu chengine kinaharibu uso, hata kitambaa cha miwani kinakwaruza. Ukimaliza itie kwenye karatasi isiyo na asidi au plastiki ngumu, mbali na mpira na sufu, na ikiwezekana mbali na hewa ya bahari, hata kama kwa anayekaa Forodhani hilo ni gumu.

Ukishaamua kuwa imesuguliwa na bado unaitaka, usiikatae, piga hesabu ya fedha iliyomo. Reale ni gramu 23.4 za fedha safi, rupia ni gramu 10.7 hivi, shilingi ya simba ya fedha haifiki gramu 2. Zidisha kwa bei ya gramu ya fedha ya siku hiyo, ndo bei ya kuanzia, muuzaji hatokupa chini sana ya hapo kwa sababu sonara atampa karibu na hiyo kwa kuiyeyusha. Reale ya kawaida ya 1780 iliyosuguliwa ongeza kidogo tu juu yake. Rupia ya mwaka adimu iliyosuguliwa bado ina thamani yake, linganisha na bei ya nyengine zilizosafishwa za mwaka ule ule, usilinganishe na nzima, na mwambie muuzaji wazi kabisa kwa nini unampa bei hiyo, muonyeshe mistari ilivyopanda juu ya herufi chini ya taa, ili ile nyengine aliyonayo ndani asiitie ndimu.